MAZUNGUMZO YA VITABU: Hadithi Fupi Hazitaki Pupa

Bwana mmoja, mkulima, ameniletea barua ya manung'uniko. Binti yake alipomaliza mitihani ya sekondari aliacha nyumbani kitabu kiitwacho Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyo uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ukapigwa chapa mwaka 2016. Baba huyu alikisoma chote kwa siku mbili. Sasa asema kwamba watu wa hadithi hii wamemchanganyikia na watu wa hadithi ile, na kwamba nyingine zakatika kabla ya kwisha, si kama hadithi za wazee wetu, ambazo kila jambo lilielezwa wazi. Auliza kama yafaa amwuzie jirani kitabu hicho.

Naanza na hizo siku mbili. Riwaya yaweza kusomwa hivyo, maana ni safari moja, na msomaji akichoka mwandishi humvuta mkono. Walakini mkusanyo wa hadithi fupi ni kama baraza yenye wasemaji wengi: mmoja akiisha kusema, yafaa watu wanyamaze kidogo kabla ya mwingine kuinuka. Hadithi moja kwa jioni yatosha. Wala si lazima kufuata mpango wa kurasa. Mimi huanza na ile iliyo fupi kuliko zote, na nyumbani kwangu hunicheka kwa ajili hiyo.

Neno lake la pili, la wazee wetu, ni kubwa zaidi, nami sikubaliani naye. Mwaka 1870 mmishenari Edward Steere alipigisha chapa huko London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja huchakura jaani apate punje za mtama atafune. Siku moja aokota thumni, na badala ya kununua chakula, anunua paa. Kumbe paa huyo asema kama mtu! Amwoza bwana wake binti wa sultani, amwua nyoka wa vichwa saba, na kumpatia bwana wake nyumba iliyojaa mali. Kisha paa augua. Mke wa bwana amhurumia, lakini bwana mwenyewe aamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama mbaya, na kukumbusha kwamba mnyama huyo alimnunua kwa thumni tu.

Hapo nawaomba wasomaji wasimame. Lawama juu ya bwana huyo hazikosekani katika hadithi, na mwishowe ajiona yu jaani tena. Walakini sikuona mahali msimulizi anapomshika msikilizaji mkono na kumwambia kwamba mtama wa mgonjwa ni mtama ule ule wa jaani, yaani mtu aliyetafuna punje za takataka leo amlisha mwokozi wake nafaka hiyo hiyo. Jambo hilo ameachiwa msikilizaji. Mimi nililipita mara mbili kwa haraka zangu, nikaliona mara ya tatu.

Basi tukirudi kwenye kitabu cha binti, katika hadithi iliyokipa jina, ya Said A. Mohamed, lipo jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kula chakula chote kilichomo. Msomaji mwenye pupa atacheka ulafi huo na kufungua ukurasa. Lakini wakazi wa Madongoporomoka wamo katika hofu ya kunyang'anywa ardhi yao, na huyo mlaji ameketi katikati yao. Mwandishi hakuandika pembeni kwamba jitu ni nani. Hadithi haikukatika kwa sababu hiyo. Kazi iliyobaki ni ya msomaji.

Kitabu hiki kilipokuwa kikitahiniwa, vijana wengi walinunua vijitabu vya mwongozo wakaacha hadithi zenyewe. Siwalaumu sana, kwa kuwa mtihani una hofu yake. Lakini mwongozo waweza kumwambia kijana kwamba hadithi fulani ina maudhui ya utovu wa shukrani, naye akalijibu swali akapata alama zake, bila kuuona hata mara moja uji wa mtama. Pengine binti wa bwana huyu ni mmoja wao. Baba yake hakuniambia, wala mimi sikupenda kumwuliza.

Namshauri asikiuze kitabu bado. Jioni moja binti akiwapo nyumbani, wachague ile hadithi iliyomwudhi baba kuliko zote, mmoja asome kwa sauti na mwingine asikilize, maana masikio husikia mengi ambayo macho yamepita mbio. Wakifika mwisho wasifungue nyingine usiku huo. Kisha aniandikie tena, hata akiwa angali na hasira.