DAWA KALI IWE NA MSIMAMIZI ANAYEJULIKANA KWA JINA



Tunajua msimu wa kupulizia mikorosho umetubana wote. Tunaomba dakika tano tu. Jambo letu leo ni la dawa, ila si ya ubwiriunga.

Juzi tulikwenda kumjulia hali mama wa mwenzetu wa hapa tawini, aliyerudi kutoka kwenye matibabu ya saratani. Tulimkuta binti yake anafua mashuka ya mgonjwa kwa mikono mitupu, naye ni mjamzito. Tulimwuliza kama alipewa maelekezo yoyote. Akajibu kwamba alipewa tarehe ya kurudi, basi. Hatumlaumu muuguzi aliyemruhusu mgonjwa. Inawezekana kabisa na yeye hakuna aliyemfundisha.

Ndugu zetu, dawa nyingi za saratani huua seli zinazokua haraka, na hazibagui ya mgonjwa na ya mzima. Kwa siku mbili hivi baada ya dripu, dawa huendelea kutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayemhudumia mgonjwa avae glavu, nguo zenye uchafu huo zifuliwe peke yake, na mjamzito au anayenyonyesha ampishe mtu mwingine kazi hiyo.

Tusidhani ni habari ya Ocean Road tu. Nchini kwetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi husaidiwa na haidroksiurea, kidonge cha kila siku kinachomezwa nyumbani. Hiyo nayo ni dawa kali. Kidonge kisifunguliwe wala kusagwa bila maelekezo ya mfamasia, na anayekishika anawe mikono. Tusieleweke vibaya: *mtu yeyote asiache dawa wala asimwachishe mtoto.* Dawa hizi zinaokoa maisha. Tunachodai ni zishikwe ipasavyo.

Sasa, kama mwanafamilia anaigusa kwa siku mbili, fikirieni muuguzi anayeiandaa mwaka mzima. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walionyesha kwamba mkojo wa wauguzi walioshughulika na dawa za saratani ulikuwa na dalili za kemikali zinazodhuru chembe za urithi. Wauguzi hao hawakuwa wagonjwa, walikuwa kazini tu. Tangu hapo nchi nyingi zimeweka taratibu. Marekani, kwa mfano, mwongozo uliochapishwa mwaka 2016 unataka kila kituo kinachoshughulika na dawa hizo kiwe na mtu mmoja aliyeteuliwa na kufundishwa, ambaye ndiye anayewajibika kuzisimamia.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Mabango ya tahadhari ukutani yanasaidia, lakini bango haliulizwi maswali. Anayeulizwa ni mtu.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Kwenye AMCOS mfuko wa salfa hautoki bila jina kwenye daftari. Nani kapokea, mifuko mingapi, imebaki mingapi. Sisi tuliosomea hesabu tunajua kwamba mali isiyo na msimamizi haikosi kupotea, na ikipotea kila mmoja atasema hakuwa zamu. Dawa kali ina hatari kubwa kuliko salfa, lakini ukiuliza kwenye vituo vingi nani anazisimamia, utajibiwa "sisi sote". Sisi sote maana yake hakuna.

Msimamizi huyo atafanya nini? Atakuwa na orodha ya dawa kali zilizopo kituoni. Atajua zimehifadhiwa wapi, nani anazifungua, na kama glavu zipo. Ikimwagika chupa, atajua cha kufanya kabla mhudumu wa usafi hajaifuta kwa kitambaa cha kawaida. Atamweleza mgonjwa na ndugu zake kabla hawajapanda gari. Na atajua taka zake zinapelekwa wapi, maana kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani baadhi ya taka hizo zinahitaji tanuri la joto linalofika nyuzi 1,200. Shimo la nyuma ya zahanati haliwezi.

Wapo watakaosema: zahanati zetu bado zina upungufu wa watumishi, haya ni mambo ya hospitali kubwa. Upungufu upo, hatubishi. Lakini mgonjwa akishatoka hospitali kubwa anarudi Lisekese, na watumishi wakiwa wachache ndiyo sababu zaidi ya kuwalinda waliopo. Tena hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo inahusika kupanga matumizi yake. Kwenye kamati hizo wamo wanachama wetu.

Kwa hiyo Sekretarieti inapendekeza kwa Halmashauri Kuu ya Tawi:

1. Tumwombe Mheshimiwa Diwani aifikishe hoja hii kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye Baraza: kila kituo kiteue msimamizi wa dawa kali, na apelekwe mafunzo.

2. Wanachama walio kwenye kamati za vituo wahakikishe glavu na mafunzo vinaingia kwenye mpango wa mwaka, vikiwa na kiasi cha fedha.

3. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waelekezwe namna ya kuisaidia familia yenye mgonjwa aliyetoka kwenye tiba ya saratani.

Tumezoea kuhesabu majengo, na tunayo haki ya kujivunia. Safari hii tuhesabu na watu waliofundishwa kufanya kazi ndani yake.

Yule binti tumempelekea glavu, na shangazi yake amechukua zamu ya kufua. Hilo tumelimaliza kama majirani. Yaliyobaki tuyamalize kama Chama.

Mabalozi, tafadhali wasomeeni wasio na simu.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
*Katibu wa Tawi*
Lisekese, Masasi