Kendu Bay katika nyaraka za Marekani: Somo ambalo halijafundishwa

MWALIMU wa historia aliyeko Kendu Bay hana haja ya kuanza somo la Marekani kwa George Washington. Kanyadhiang, alikozaliwa babake Rais wa 44 wa nchi hiyo, ni papo hapo, na nyaraka kadhaa zinazohusu safari ya mzee huyo husomwa bure kwenye mtandao.

Mfano bora ni hotuba ya Machi 4, 2007. Barack Obama, wakati huo seneta aliyekuwa akiwania urais, aliuambia umati mjini Selma, Alabama, kwamba ukoo wa Kennedy ndio uliowezesha safari za ndege za kuwapeleka vijana wa Kenya masomoni Marekani, na kwamba babake alipata mojawapo ya nafasi hizo.

Mwanafunzi akiisoma hotuba hiyo, kisha aingie katika tovuti ya maktaba ya Rais John F. Kennedy, atakuta kwamba wakfu wa ukoo huo ulitoa dola 100,000 mwaka wa 1960, baada ya hayati Tom Mboya kumwendea Kennedy. Naye Obama Mkubwa alifika Hawaii mwaka wa 1959. Isitoshe, hakuwa miongoni mwa wanafunzi 81 waliosafiri kwa ndege ya kwanza iliyokodiwa mwaka huo. Tarehe mbili tu zilitosha kuipindua kauli ya mgombea urais, na mwaka wa 2008 kambi yake ilikiri kosa.

Kitabu cha kiada hakimfunzi mtoto ujasiri wa aina hiyo.

Waraka wa pili ni cheti cha kuzaliwa ambacho Ikulu ya Marekani ilikitoa Aprili 27, 2011, ili kuzima uvumi kwamba Obama hakuzaliwa Marekani. Wengi walikisoma wakitafuta neno Honolulu tu. Msomaji wa Kendu Bay ataona mengine. Baba ameandikwa kuwa mwanafunzi wa miaka 25, mzaliwa wa "Kenya, Afrika Mashariki". Kwa kuwa mtoto alizaliwa Agosti 1961, umri huo unamfanya baba awe mzaliwa wa 1935 au 1936, ilhali kumbukumbu nyingine hutaja 1934. Kendu Bay yenyewe haimo.

Pengo hilo si dogo. Wageni humiminika Kogelo, katika Siaya, alikohamia Mzee Hussein Onyango na alikozikwa Obama Mkubwa, huku Kanyadhiang ikinung'unika kwamba imesahauliwa. Manung'uniko hayo yana msingi, ila hayajageuzwa kuwa ushahidi ulioandikwa, wenye jina la msemaji na tarehe, unaoweza kupimwa kama ilivyopimwa hotuba ya Selma.

Gharama ya intaneti na uhaba wa tarakilishi shuleni ni vikwazo vya kweli. Lakini waliocheza na Obama Mkubwa utotoni, ikiwa wangali hai, sasa wana umri wa miaka 90 hivi. Kuwasikiliza kunahitaji daftari na Jumamosi moja.