Miti ya Milimani Ichaguliwe Majirani

Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miche 1,500,000 kwa mwaka. Ni lengo jema, na Halmashauri ya Nyang'hwale, yenye makao yake Kharumwa, haina udhuru wa kulikwepa. Lakini lengo hilo ni la idadi. Halisemi mche upi usimame kando ya upi, na katika vilima vya ukanda huu wa dhahabu jambo hilo ni zito kuliko hesabu yenyewe.

Mti hauna miguu ya kuhama. Ukizibiwa nuru upande mmoja, hunyosha matawi upande wa pili. Penye tambarare, majirani huubana sawasawa pande zote. Mlimani sivyo: jirani wa juu ameinuliwa na ardhi, naye huutia kivuli, upande wa bondeni uko wazi. Kwa hiyo mwavuli wa mti, yaani jumla ya matawi na majani yake, huelemea bondeni, na uzito wote hufuata huko. Mti wa namna hiyo huweza kung'olewa na dhoruba ya siku moja. Ukisalimika, shina lake hukua bila ulinganifu, na mbao yake hujikunja ikaukapo.

Mchimbaji mdogo anajua maana ya maneno haya. Matimba yanayoshikilia kuta za duara lake hayana budi kuwa manyoofu na imara, kwa kuwa chini yake wapo binadamu. Hatuwalaumu, basi, wanaopanda mikaratusi mitupu. Hukua upesi, na mwenye duara hawezi kuungojea mninga. Tunachosema ni kwamba miti ya aina moja na umri mmoja hugombea nuru ile ile, kwa kimo kile kile, wakati ule ule. Matawi ya chini hufa, vilele hubaki vidogo, na mvua hupita moja kwa moja hadi kwenye udongo ulio mtupu.

Pakichanganywa aina, ugomvi hupungua. Mgrevilea una mwavuli mwembamba unaopitisha nuru. Mzambarau ulio kando yake una majani mazito na huridhika na nafasi ya chini. Kila mmoja hujaza pengo la mwenzake. Huko China, katika jimbo la Jiangxi, wataalamu walipanda miti kwenye miteremko mwaka 2009 na 2010, vipande vingine vya aina moja na vingine vya aina nyingi, hadi 24. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miaka minane, vipande vya aina 16 vilikuwa vimehifadhi kaboni zaidi ya mara mbili ya wastani wa vile vya aina moja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mchanganyiko huufuta mteremko. Mteremko una nguvu zake, na mchanganyiko usio na akili ni hasara: mkaratusi ukipandwa siku moja na mninga, mninga hautauona mwaka wa tano.

Hatuhitaji kusafiri mbali kujifunza. Ndugu zetu wa kisiwa cha Ukara, ambao kilimo chao kiliwastaajabisha hata maofisa wa kikoloni katika miaka ya 1930, walijenga matuta ya mawe vilimani, na kwao kila mti una mwenyewe. Mti wenye mwenyewe hutazamwa, na hujulikana nani anauziba. Shinyanga nayo, baada ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanzishwa mwaka 1986, ilirudisha ngitili katika mamia ya maelfu ya hekta. Ni kweli kwamba nchi ile kwa sehemu kubwa ni tambarare. Lakini ngitili haikupandwa kwa mstari wa kamba. Iliachwa iote, ikaota aina kwa aina.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa misitu wa wilaya mambo machache. Taarifa ya upandaji itaje aina za miti na mahali ilipopandwa, si idadi peke yake. Mistari ifuate kontua, na mche wa mstari wa chini usimame kati ya miwili ya juu, usiwe nyuma ya mmoja. Inayokua polepole itangulie msimu mmoja au miwili. Wakati wa kupunguza miti, anayeshika panga atazame kwanza upande wa juu, ambako ndiko kivuli kinakotoka. Kando ya vijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli ndani ya mita 60, na mkaratusi haupaswi kuonekana hapo.

Yote hayo yataanzia kwenye bustani za miche. Bustani yenye mikaratusi mitupu haiwezi kumpa mwanakijiji kitu kingine, hata angekitaka. Mbegu za mninga, mkongo na mkwaju zikusanywe sasa, ili mvua za Novemba zikute miche imekwisha kuota.