Ufadhili wa Uzamivu: Tusome Masharti Kabla ya Kuuza Mahindi



Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya matangazo ya masomo ya uzamivu yenye ufadhili huko Marekani, hasa katika elimu mpya ya uhandisi wa kuotesha upya viungo vya mwili. Vijana waliomaliza vyuo vikuu hupata matangazo haya kwenye simu zao, na mmoja niliyemfundisha hapa kijijini ameniletea moja tulisome pamoja. Mimi nimeishia chuo cha ualimu, lakini kusoma masharti hakuhitaji shahada.

Elimu yenyewe si porojo. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake ni Profesa Cato Laurencin wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Mmarekani mweusi ambaye ni daktari wa upasuaji wa mifupa na papo hapo mhandisi. Hoja yake ni kwamba mtaalamu wa malighafi, mtaalamu wa seli shina, mwanafizikia na daktari wafanye kazi pamoja. Hutengenezwa kiunzi chenye vitundu vidogo na kuwekwa penye pengo la mfupa. Seli hukiparamia kama maharage yanavyoparamia mti, na mfupa unapokua kiunzi huyeyuka. Mwaka 2014 profesa huyo alianzisha mradi wenye shabaha ya kuotesha mguu mzima wa binadamu ifikapo 2030. Nani asiyetamani kijana wake aijue kazi hiyo, katika nchi ambayo bodaboda zinavunja miguu ya watu kila siku?

Lakini tutazame fedha inakotoka. Mafunzo ya utafiti ya namna hii mara nyingi hulipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa fungu liitwalo T32, ambalo asili yake ni sheria ya mwaka 1974. Mwanafunzi husaidiwa ada na kupewa posho. Mwaka 2024 posho ya mwanafunzi wa uzamivu ilikuwa dola 28,224 kwa mwaka. Sharti limeandikwa wazi: awe raia wa Marekani, au mtu mwenye haki ya kuishi huko daima. Mtanzania aliyeko Kilosa hapati, hata awe na alama A tupu.

Mimi siwalaumu. Hiyo ni kodi yao. Ninaowalaumu ni madalali. Mtu mmoja wa mjini alimwahidi kijana wetu kwamba angemjazia fomu za fungu hilohilo kwa shilingi laki tatu, na baba yake alikuwa ameshaanza kupima mahindi ya kuuza.

Mlango mwingine upo, nao hautangazwi sana. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi au uhandisi kwa kawaida halipi ada mwenyewe. Profesa anayemsimamia humwajiri kama msaidizi wa utafiti kwa fedha za mradi wake, na hapo uraia mara nyingi si kizuizi. Kwa hiyo kijana amwandikie profesa kwanza, barua fupi, aeleze kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti. Upo pia ufadhili wa Fulbright, uliowekwa kwa ajili ya wageni, na anayeupata hutakiwa kurudi kwao.

Hata hivyo, Desemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kuiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiliwa viza kadhaa, za wanafunzi zikiwamo, kuanzia Januari 1, 2026. Basi mtu aulize ubalozini kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Jambo hilo linanirudisha nyumbani. Arusha tunayo Taasisi ya Nelson Mandela, yenye shule ya sayansi ya viumbe na uhandisi wake. Dar es Salaam tunayo MOI, ambako majeruhi hawaishi. Mhandisi yupo na mpasuaji yupo, ila sijaona nani anamlipa kijana akae kati yao miaka minne bila kuhangaikia chakula. Wenzetu wa Connecticut hawakuanza na mashine. Walianza kwa kuwaweka watu hao chumba kimoja na kumlipa mwanafunzi.

Mwaka 2022 Serikali ilianzisha ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofanya vizuri katika sayansi. Nashukuru kwa hilo. Naomba Wizara ya Elimu na Tume ya Sayansi na Teknolojia watujibu kupitia gazeti hili: je, kwa uzamivu lipo fungu kama hilo, lenye sharti kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania? Kama lipo, fomu zake zinapatikana wapi, na mtu wa kijijini azipeleke kwa nani?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.