Ajali Haina Kinga?

Kuna msemo mmoja ambao natamani ufutwe vinywani mwetu, ufutwe kwenye kanga na migongoni mwa mabasi: kwamba ajali haina kinga. Sina ugomvi na wahenga. Huenda aliyeutunga alikuwa akimfariji mtu aliyeangukiwa na nazi, au mvuvi aliyekutwa na tufani asiyoitarajia, na faraja ni jambo jema. Lakini hapa kwetu Keko msemo huu umeacha kuwa faraja, umekuwa hati ya kumwachia huru mkosaji. Hutamkwa kabla damu haijakauka, na aghalabu anayeutamka wa kwanza ni yule yule aliyesababisha.

Nazungumzia matela. Si yale marefu ya makontena yanayopita Barabara ya Mandela kwenda na kutoka bandarini; hayo yana mambo yake na yana watu wa kuyasemea. Nazungumzia tela dogo: mashine ya kuchanganyia zege yenye magurudumu mawili, jenereta la kukodisha harusini, tela la mbao na mabati, boti ya bwana anayependa kwenda kupunga upepo Jumapili. Keko ni njia yao. Mafundi wa kuchomelea wako huku, na tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 safari za vifaa vya ujenzi kwenda ng'ambo ya Kigamboni zimekuwa rahisi kuliko enzi za kusubiri pantoni. Ukikaa barazani asubuhi moja tu utaziona mashine za zege zikikokotwa na pikapu kuukuu, zinarukaruka nyuma yake kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Ndugu msomaji, umewahi kuinama ukatazama kilichoishikilia mashine ile? Mimi huinama, na majirani wamekwisha kunizoea. Nimeona nondo iliyopindwa kama ndoana ya samaki. Nimeona bisibisi imepitishwa mahali pa pini. Nimeona vipande vya mpira wa tairi vimeviringishwa mara tatu na kufungwa fundo, eti ndio mnyororo. Nimemwona pia kijana saidia fundi amekalishwa juu ya mkono wa tela ili uzito wake ulizuie lisichomoke. Mtu mzima, mwana wa watu, amegeuzwa kuwa nati.

Tuseme basi kile kinachotakiwa kiwepo, maana mabishano yetu mengi hufanywa na watu wasiojua kitu chenyewe. Nyuma ya gari huwa na tufe la chuma lenye shina, na shina hilo hupita kwenye tundu la bamba na kukazwa kwa nati upande wa chini. Tela nalo huwa na kikombe kinacholikalia tufe na kulibana kwa komeo. Basi. Vitu ni vichache mno hata mtoto wa darasa la tano angevielewa, na kila kimoja tumefanikiwa kukiharibu.

Tuanze na ukubwa. Matufe hayalingani. Lipo la milimita 50, ambalo ndilo la Ulaya na nchi nyingi, na yapo ya inchi: moja na saba ya nane, mbili kamili, mbili na tano ya kumi na sita. Magari yetu yametoka Japani, Uingereza, Afrika Kusini, Uarabuni. Matela yametoka kokote, mengine yamezaliwa hapa hapa chini ya mwembe. Kwa hiyo kikombe kikubwa hukutana na tufe dogo, kikakaa, komeo likafungwa, dereva akaridhika. Kinakaa vizuri kabisa mpaka tuta la kwanza. Na Dar es Salaam, kama unavyojua, ni mji wa matuta. Gari linashuka tuta, tela bado linapanda, kikombe kinanyanyuka juu ya tufe, na hapo tela limepata uhuru wake. Ukubwa huo mara nyingi umegongwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Kinachotakiwa ni kufuta grisi na kusoma. Na tufe likisha kulika hata likawa chini ya milimita 49, lile la 50 halifai tena, hata kama linang'aa.

Halafu nati. Shina la unene wa inchi moja hukazwa kwa nguvu ya kiasi cha nyutoni-mita 340, isipokuwa kama mtengenezaji amesema vingine. Kwa lugha ya gereji, ni kama mtu wa kilo 70 aning'inie kwa uzito wake wote kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita. Je, umewahi kumwona fundi wetu akining'inia? Hukaza kwa spana fupi, akafuta mikono, akasema tayari. Washa ya springi, ambayo kazi yake ni kuisaidia nati isilegee kwa mtikisiko, haipo, kwa sababu ilidondoka mchangani wakati wa kufungua na hakuna aliyeinama kuitafuta. Tundu la bamba halikutobolewa kwa keekee; lilichomwa kwa gesi, limekuwa na umbo la yai, na shina linacheza humo kama mchi katika kinu.

Mteja akilalamika kwamba tufe linacheza, dawa inajulikana: chomelea! Hapa ndipo nataka tuelewane, kwa sababu wengi hudhani kuchomelea ni kuongeza nguvu. La hasha. Chuma kile kimepikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa na wepesi wa kukatika. Ukikipiga moto wa kuchomelea unaivuruga hali hiyo pembeni mwa mshono, na ufa unaweza kuanza hapo, mdogo kama unywele, ukafunikwa na rangi nyeusi ya kupendeza. Watengenezaji wanakataza jambo hilo. Sisi tunalilipia.

Miaka michache iliyopita, katika barabara yetu hii, jenereta la kukodisha lilichomoka nyuma ya pikapu majira ya alasiri. Gari halikuwa katika mwendo wa kutisha. Tuseme lilikuwa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao watu huuita wa pole. Lakini mwendo huo ni mita 11 kwa kila sekunde, na tela halina breki wala masikio. Lilikwenda moja kwa moja kwenye fremu za makochi zilizopangwa kando ya njia, mahali ambapo kijana mmoja alikuwa amechuchumaa akipiga msasa mguu wa kitanda. Mguu wake yeye ulivunjika mara mbili chini ya goti. Hata hajapakiwa kwenye bajaji, dereva alikwisha kunigeukia na kusema, "Shikamoo mzee. Unaona mwenyewe, mzee wangu, ajali haina kinga." Sikumwitikia. Niliinama. Kwenye bamba hapakuwa na tufe, bali tundu tupu, na nati ilipatikana nyuma kidogo barabarani. Minyororo haikuwepo, wala mahali pa kuitundika minyororo hapakuwepo.

Dereva alitoa fedha siku ya kwanza. Siku ya tatu simu yake iliita bila kupokewa, na wiki ya pili haikuita. Kijana alikaa miezi saba bila kupiga msasa, akilishwa na dada yake muuza vitumbua. Ndiyo gharama halisi ya nati ile, na aliilipa mtu ambaye hakuwahi hata kulikodi jenereta.

Hapa nitasema neno ambalo litawaudhi rafiki zangu mafundi. Keko inasifika mji mzima kwa samani. Seremala wa hapa hawezi kukuuzia kitanda kilichounganishwa kwa misumari mitupu. Atachonga ulimi, atachimba tundu, atapaka gundi, atabana usiku kucha, na kesho atakipanda mwenyewe akirukeruke mbele yako. Kwa nini? Kwa sababu kitanda kikilegea, mteja atarudi na makelele, na mtaa mzima utasikia. Tela likichomoka, anayeumia si mteja wala fundi. Anaumia mpita njia, naye hajui gereji ilipo. Sikubali, basi, kwamba tatizo ni ujinga. Mikono inayoweza kuchonga ulimi wa kitanda inaweza kukaza nati. Tunakuwa makini pale hasara inapoturudia sisi, na tunamwachia Mungu pale inapomwendea mwingine.

Wako wanaojibu kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye fedha. Fedha zipi? Pini ya kuzuia komeo lisifunguke ni bei ya chai na maandazi. Kusoma namba iliyogongwa juu ya chuma ni bure. Minyororo miwili ina gharama kidogo, nakubali, lakini anayemiliki mashine ya zege na kuikodisha kila siku asiniambie hana mnyororo. Minyororo hiyo ipishane chini ya mkono wa tela kama herufi X, ili tela likichomoka, mkono uangukie juu yake usichimbe lami. Ifungwe kwenye chasisi ya gari, si kwenye tufe lenyewe, maana tufe likiondoka litaondoka nayo. Iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona, isiburute. Mzigo nao uelemee mbele ya ekseli kidogo, la sivyo tela litatikisa mkia hata gari lipoteze njia.

Wengine husema askari ndio wa kulaumiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na Wiki ya Nenda kwa Usalama tunaiadhimisha kwa gwaride na stika. Napenda gwaride. Lakini stika hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na nati iko nyuma, chini, penye matope. Huko hakuna atakayefika asipokuwa tayari kuchafua magoti. Kama ukaguzi hauna magoti machafu, mimi siuhesabu kuwa ukaguzi.

Kipo kipimo kimoja kisichodanganya, nami nimekifanya kuwa desturi yangu kwa kila tela linalosimama mbele ya nyumba yangu. Komeo likisha kufungwa, weka jeki chini ya mkono wa tela, inua. Kama kikombe kimeshika, matako ya gari yatapanda pamoja na tela. Kama hakikushika, tela litapanda peke yake. Haichukui dakika tatu. Juzi dereva wa mashine ya zege, kijana mwenye haraka zake, alikubali nimwinulie, nadhani kwa kuniheshimu mvi tu. Tela lilipanda. Gari halikusogea hata kidogo. Alitazama lile tufe lililobaki wazi kati yao, akanitazama mimi, kisha akaanza kumlaumu aliyemuuzia kikombe. Nilimwacha alaumu mpaka achoke. Funguo za gari nilikuwa nimekwisha kuzitia mfukoni mwangu, na duka la vipuri lilikuwa halijafungwa.