Dua na Dawa Ziende Pamoja

Mtoto akishikwa na degedege nyumba nzima hutaharuki. Wengine husema ni shetani, au ndege mbaya amempitia. Husema pia kuwa akipigwa sindano atakufa. Basi humpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, au humwombea nyumbani mpaka asubuhi.

Degedege huweza kuletwa na malaria kali. Vijidudu vya malaria huenezwa na mbu jike aitwaye anofelesi. Vijidudu hivyo havingoji asubuhi. Mtoto aweza kufa kwa saa chache. Si sindano inayoua, ni kuchelewa.

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati, nami nasali. Sioni ugomvi kati ya dua na dawa. Mkulima humwomba Mungu mvua, lakini jembe haliweki chini. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Mlaze mtoto kwa ubavu. Usimtie kitu chochote mdomoni, hata dawa. Mpeleke zahanati mara moja apimwe damu na kutibiwa. Mwombee mkiwa njiani. Bibi na babu nao waombe nyumbani. Mungu husikia popote.