Waandikeni Bibi Zenu Wangali Hai

Mwimbaji Bi Kidude alipofariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa anajulikana hadi Ulaya na Japani, lakini hakuna aliyeweza kutaja umri wake kwa uhakika. Wapo waliosema amevuka miaka mia na wapo waliopunguza. Mwenyewe alikuwa akijibu kwamba alizaliwa enzi za rupia, na rupia Unguja ilitumika hadi 1936. Nani angejisumbua kuandika siku aliyozaliwa Fatuma binti Baraka, kama alivyoitwa kwao, binti wa mchuuzi wa nazi wa kijiji cha Mfagimaringo, mmoja katika nyumba ya watoto saba?

Binti huyohuyo aliozwa angali mdogo, asikubali, akatoroka na kuvuka bahari. Inasimuliwa kwamba aliizunguka Bara miguu mitupu, akiimba. Aliporudi Unguja alipata kijumba cha udongo, akaishi kwa kazi ya mikono yake: hina, wanja, dawa za miti shamba na unyago. Hakujaliwa kuzaa, lakini wari waliopita mikononi mwake hawana idadi. Aliifunga kiunoni ngoma ndefu ya msondo, akaipiga kwa viganja huku akiwafunda mambo ambayo mama zao waliona haya kuyataja. Na katika umri ambao wazee wengi huambiwa wakae mkekani wapumzike, yeye ndiyo kwanza alikuwa anapanda ndege kwenda kuimba. Mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX.

Nyimbo nyingi alizipata kwa sikio kutoka kwa Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia. Siti naye alitoka kijijini, hakusoma, alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya sauti yake kufika kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Maisha yake tunayasoma hadi leo kwa sababu mwandishi Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake. Bi Kidude alimpata Andy Jones, mtengenezaji filamu Mwingereza, akamfuata na kamera. Ndugu msomaji, bibi yako atampata nani?

Nauliza kwa sababu najua tunavyofanya msibani. Usiku wa kuamkia mazishi, karatasi inachanwa kwenye daftari, anatafutwa mjukuu mwenye mwandiko mzuri. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, wa kukisia. Ameacha watoto tisa, wajukuu kadhaa na vitukuu. Kisha inafuata aya ndefu kuliko zote: alivyoanza kuugua, alivyolazwa, alivyopewa rufaa. Mwanamke aliyeishi miaka themanini anaelezwa kwa miezi yake minne ya mwisho. Kwa kweli hii ni dhuluma, na tunaifanya tukiwa tunampenda.

Familia kubwa ndizo zinazopoteza zaidi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anajua. Kifungua mimba alilelewa na msichana mwenye mbio, aliyefunga mzigo alfajiri kuwahi basi la kwenda mnadani. Kitinda mimba alilelewa na mtu mzima aliyetulia, anayelalamikia magoti. Wakikaa pamoja kumzungumzia mama yao, utadhani wanazungumzia watu wawili. Kwa hiyo asiulizwe mtoto mmoja tu, hata akiwa ndiye msomi wa ukoo. Waulizwe wote, na mashoga zake walio hai, na mawifi pia.

Safari za wanawake jasiri huwa tunazifunika. Aliyekimbia ndoa, aliyeachika akaenda mjini kuanza upya, aliyevuka mpaka na robota la vitenge: tunanong'ona tu, kana kwamba ni aibu. Mimi naona hapo ndipo ulipo uhai wake. Kama mwenyewe hataki jambo fulani lisemwe, liheshimiwe. Lakini aamue yeye, tusimwamulie sisi.

Ukienda kwa bibi yako, usimwambie akusimulie maisha yake. Atakwambia hana la kusimulia. Muulize vitu vya kushikika. Nauli aliipata wapi? Alifikia kwa nani? Alibeba nini kichwani? Kama mwaka haukumbuki, muulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada, kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wakati wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, wakati wa Vita vya Kagera. Hapo utamsikia: "Aa, vita wakati huo bado, nilikuwa nina mimba ya baba yako." Tayari umepata mwaka. Mtolee picha za zamani, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina atakayokutajia. Rekodi kwa simu, halafu usiziache sauti hizo kwenye simu moja, maana simu huibiwa na huanguka majini. Watumie ndugu watatu au wanne, na mmoja wao aziandike kwenye daftari.

Nawaomba sana, mkikutana Idi au Krismasi inayokuja, mtengeeni bibi asubuhi moja kabla ya pilau. Wapishi wasimwite, watoto wakae naye, na mmoja ashike kalamu. Swali la kwanza liwe hili: mara ya kwanza ulipoondoka nyumbani, bibi, ulikuwa unakwenda wapi?